Mgema Amesifiwa, Tembo Kalitia Maji

Pita katika mtaa wowote wa miji yetu mikubwa, iwe Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, nawe hutakosa kuliona gari moja la kifahari lililotoka Ujerumani likiwa limekaa juu ya mawe chini ya mwembe. Vumbi limelifunika, kuku wanataga uvunguni mwake, na ile nembo ya mbele iliyokuwa ikimetameta imekwisha kung'olewa na watoto. Muulize mwenyewe sababu, atakujibu bila kusita: "Fundi kaniharibia." Mwenye gari la pili atasema ni mashimo ya barabara. Wa tatu atalaumu petroli. Hakuna hata mmoja atakayelitaja gari lenyewe, wala hakuna atakayejitaja mwenyewe.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nia ya makala haya ni kuueleza ukweli ambao wengi wetu hatupendi kuusikia, kwamba maradhi makubwa ya magari haya hayakuzaliwa Gerezani wala Ilala. Yalizaliwa Stuttgart, Munich na Ingolstadt, juu ya meza za wachoraji wa mitambo, miaka mingi kabla gari halijapakiwa melini. Fundi wetu hupokea mgonjwa aliyekwisha kuugua, kisha huitwa mchawi kwa sababu mgonjwa amekufa mikononi mwake.

Jambo hili halisemwi kwa jazba tupu. Ushahidi upo, na yafaa tuutazame mmoja mmoja.

Tuanze na nyaya. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, kampuni ya Mercedes-Benz ilifunga katika injini zake nyaya ambazo gamba lake la nje halikuweza kustahimili joto. Baada ya miaka michache gamba hilo lilikauka, likapasuka na kupukutika kama ganda la karanga. Shaba ikabaki uchi, waya ukagusana na waya, injini ikaanza kukohoa na kuzimika ovyo. Hata lile gari kubwa la daraja la S, lililojulikana kiwandani kwa jina la W140 na kuuzwa tangu mwaka 1991, gari lililokuwa likipanga foleni mbele ya ikulu na mahoteli ya dunia, halikusalimika. Magari hayo yaliharibika huko huko Ujerumani na Marekani, juu ya barabara laini kama sakafu. Je, huko nako ni fundi wa Gerezani aliyekwenda kuzipukutisha?

Tuje kwenye springi. Gari lililoirithi W140, yaani W220 iliyotengenezwa tangu mwaka 1998 hadi 2005, halikusimama juu ya springi za chuma. Lilisimama juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa hewa na kompresa ndogo. Wakati wa upya wake abiria alijiona kama anaelea. Lakini mpira huzeeka hata kama gari limefungiwa ndani. Mfuko hupata nyufa, hewa huvuja usiku kucha, na asubuhi mwenye gari hulikuta limepiga magoti upande mmoja kama ngamia. Kompresa nayo hujitahidi kufidia hewa inayopotea, hufanya kazi bila kupumzika, mwisho huungua. Kwa hiyo mtu aliyeona uchungu wa kununua mfuko mmoja hujikuta ananunua mfuko na kompresa. Kampuni ya Audi nayo ilishika njia hiyo hiyo kwa gari lake la Allroad la mwaka 2000, na likavuna yale yale. Ni kweli kwamba mashimo yetu huharakisha kifo cha mifuko hiyo. Lakini kuharakisha kifo si sawa na kuleta ugonjwa.

Yako pia mambo ya breki, ambayo si ya mzaha hata kidogo. Mwaka 2001 Mercedes-Benz ilileta breki za umeme katika gari lake la SL, na mwaka 2002 ikazitia katika magari ya daraja la E yaliyokuwa yakinunuliwa kwa wingi zaidi. Katika breki hizo mguu wa dereva hupeleka habari tu kwa kompyuta. Kompyuta ndiyo inayoiamuru pampu. Mwezi Mei 2004 kampuni ililazimika kuyaita gereji magari 680,000 kwa ajili ya breki hizo. Machi 2005 ikayaita tena magari 1,300,000 kwa hitilafu za umeme pamoja na breki hizo hizo. Ilipofika mwaka 2006, magari mapya ya daraja la E yakarudishiwa breki za kawaida. Yafaa mnunuzi wetu ajue kwamba pampu ya breki hizo huhesabu kila mara dereva anapokanyaga. Hesabu ikifikia kikomo kilichowekwa na kiwanda, taa nyekundu huwaka ikidai pampu mpya. Mtu anayelinunua gari la namna hiyo likiwa na umri wa miaka 20 hununua hesabu iliyokaribia mwisho.

Na injini je? Injini ya silinda sita ambayo Mercedes-Benz iliianzisha mwaka 2004, iitwayo M272, ina mhimili wa kuzuia mtetemo, na katika injini za miaka ya mwanzo gia ndogo ya mhimili huo ilitengenezwa kwa chuma laini kupita kiasi. Meno yake huliwa na cheni, taimingi hupotea, taa ya injini huwaka. Gia yenyewe ni kitu kidogo cha kushika kiganjani. Lakini kuibadilisha ni lazima injini nzima ing'olewe na kufunguliwa. Ndugu yake ya silinda nane alipata ugonjwa wa namna hiyo hiyo katika gia nyingine. Wamarekani, ambao hawana kawaida ya kumlaani fundi na kunyamaza, waliipeleka kampuni mahakamani.

BMW nayo isichekelee. Injini yake ya silinda nane iliyoanza mwaka 2001, inayoitwa N62, inajulikana kwa mambo mawili. Mipira midogo inayozuia oili kwenye vali hukauka na kuwa migumu, injini ikaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu kila inapoondoka kwenye taa za barabarani. Tena bomba la maji lililofichwa katikati ya injini huvuja kwenye maungio yake, na njia halali ya kulibadilisha humtaka fundi aifumue sehemu yote ya mbele ya injini. Katika magari madogo ya kampuni hiyo, chupa ya maji ya rejeta ni ya plastiki, na katika miaka ya 1990 hata panga za pampu ya maji zilikuwa za plastiki katika baadhi ya injini. Plastiki iliyochemshwa kila siku kwa miaka kumi hupasuka. Maji humwagika, injini huchemka, kichwa cha silinda hupinda. Audi kwa upande wake, katika injini zake za silinda nane za lita 4.2, ilizihamisha cheni za taimingi na kuziweka nyuma ya injini, upande wa ukuta unaotenganisha injini na abiria, zikiongozwa na vipande vya plastiki. Vipande hivyo vikilika, fundi hawezi hata kuvigusa mpaka injini imetoka nje.

Hata kisingizio cha mafuta kina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 BMW ilipaka silinda za baadhi ya injini zake nikeli iliyochanganywa na silikoni. Salfa iliyokuwamo katika petroli ya Marekani na Uingereza ikaula mpako huo, injini zikakosa nguvu, na kampuni ikalazimika kuacha utaratibu huo. Kama petroli ya mataifa makubwa iliishinda injini hiyo, basi kosa si la muuza mafuta. Anayetaka kuiuzia dunia injini ni wajibu wake kuyajua mafuta ya dunia.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Je, wahandisi wa Ujerumani hawajui kazi? Jibu ni kwamba wanaijua sana, na ndiyo maana lawama yao ni kubwa zaidi. Gari lililojulikana kwa jina la W123, lililotengenezwa na Mercedes-Benz kati ya mwaka 1976 na 1986, lilifikia karibu magari 2,700,000, na mengine ya dizeli yangali yakitembea hadi leo. Dereva mmoja wa teksi nchini Ugiriki aliendesha gari la dizeli aina ya 240 D la mwaka 1976 kwa kilomita 4,600,000, akalikabidhi kwa jumba la makumbusho la kampuni hiyo mwaka 2004. Gari hilo halikuwa na mifuko ya hewa, wala kompyuta ya breki. Lilikuwa na chuma cha kutosha mahali panapotakiwa chuma, na kila kifaa kilikuwa mahali ambapo mkono wa binadamu ungeweza kukifikia.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jina walilolijenga wazee kwa chuma, vijana wakaliuza kwa plastiki.

Na maji hayo hayakutiwa kwa bahati mbaya. Tazama jambo moja tu, la oili ya giaboksi. Mwaka 1996 Mercedes-Benz ilileta giaboksi mpya ya kujiendesha, ikasema kwamba oili yake ni ya maisha, haina haja ya kubadilishwa. Kijiti cha kupimia oili kikaondolewa ili mwenye gari asishawishike hata kuchungulia. Baadaye kampuni yenyewe iliyameza maneno yake na kupanga muda wa kuibadilisha. BMW nayo ilisema oili ni ya maisha, wakati kampuni ya ZF, ambayo ndiyo iliyoitengeneza giaboksi hiyo, inashauri oili ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 120,000. Mtengenezaji wa giaboksi anasema badilisha. Muuzaji wa gari anasema usibadilishe. Nani anadanganya?

Tuulize swali la msingi: oili ya maisha, ni maisha ya nani? Huko Ujerumani magari mengi ya kifahari yakiwa mapya hununuliwa au kukodiwa na makampuni kwa ajili ya wakubwa wao, hutumiwa miaka mitatu minne, kisha huuzwa. Katika miaka hiyo yule bwana wa kwanza hadaiwi oili ya giaboksi, hatoi senti kwa mfuko wa hewa, wala hasikii mlio wa cheni. Gari kwake ni rahisi kulitunza, na kampuni hujigamba kwa urahisi huo. Gharama zote zilizoahirishwa hukusanywa, zikafungwa kama mzigo na kusukumwa mbele kwa mnunuzi wa pili, wa tatu na wa nne. Na mnunuzi huyo wa nne ni nani? Ni mimi na wewe, huku tunakoendesha upande wa kushoto na kupokea mitumba ya Uingereza na Japani. Huo ndio unyonyaji wenyewe: tajiri anakula nyama, na mfupa unauzwa kwa maskini ukiwa umefungwa katika karatasi yenye nembo.

Lakini kalamu ya haki haiandiki upande mmoja. Kama kiwanda kimetenda kosa la kwanza, sisi tumetenda la pili. Gari ambalo Ulaya liliuzwa kwa bei ya nyumba, leo hupatikana kwa bei ya gari dogo la Kijapani. Mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini. Bei imeshuka kwa sababu waliokuwa nalo wanaijua ankara inayokuja. Bei ya gari imeshuka, lakini bei ya kipuri haikushuka hata senti moja. Kipuri cha gari la kifalme kinabaki na bei ya kifalme hata gari lenyewe likiwa kuukuu. Mwalimu au karani anachukua mkopo wa chama cha akiba na mikopo, ananunua gari hilo ili aonekane amefika, na kabla hajamaliza kuulipa mkopo, gari limelala. Watoto wanarudishwa nyumbani kwa ada, na baba anaagiza kompresa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni ambazo taifa lilizitafuta kwa jasho la mkulima wa korosho na kahawa.

Hii ni kasumba, wala tusiitafutie jina la kupendeza. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, wananchi walikwisha kuwa na jina la watu waliopima utu kwa nyota iliyo mbele ya gari: waliwaita Wabenzi. Jina hilo lilikuwa la dhihaka. La kusikitisha ni kwamba leo lipo kundi la Wabenzi wa mtumba, wasio na utajiri wa Wabenzi wa kwanza ila wamerithi majivuno yao. Mbenzi wa kwanza aliwanyonya wengine. Huyu wa sasa anajinyonya mwenyewe.

Watasema wengine kwamba sheria zipo za kutulinda. Ni kweli kwamba Kenya imekataza kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka 8, na sisi tunatoza ushuru wa uchakavu kwa magari makuukuu. Lakini sheria hizo hutazama umri, hazitazami ugonjwa. Gari la kawaida la miaka 12 lenye springi za chuma na injini inayofikika laweza kumtumikia mkulima miaka mingine 12. Gari la kifahari la miaka 7 laweza kuwa tayari limeoza ndani. Mnunuzi asitegemee forodha imchagulie mke.

Na fundi wetu, ambaye makala haya yanamtetea, naye tumwambie lake. Wapo makanjanja ambao hubahatisha: wanabadilisha kifaa hiki, kisipoponya wanabadilisha kile, na kila kubahatisha analipa mwenye gari. Lakini ukanjanja mwingi ni mtoto wa kunyimwa elimu. Katika ile giaboksi ya mwaka 1996, plagi moja ndogo yenye mipira miwili huvuja, oili ikapanda ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta ya giaboksi na kuiua. Fundi aliyeelezwa jambo hilo hubadilisha plagi kwa gharama ndogo. Ambaye hakuelezwa huishusha giaboksi nzima. Tofauti kati yao si akili. Ni karatasi yenye maelezo. Na karatasi hiyo inashikwa na kampuni, pamoja na programu za kupimia hitilafu, kama siri ya vita.

Hapa ndipo penye kazi kwa wenye dhamana. Nchi za Ulaya zilitunga kanuni mwaka 2007 inayowalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi wa kujitegemea habari za matengenezo. Wananchi wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani walipiga kura mwaka 2012 kudai haki hiyo hiyo. Kama Mjerumani na Mmarekani, walio jirani na kiwanda, wameona hawawezi kuishi kwa hisani ya kampuni, sisi tulio mbali tunangoja nini? Nchi za Afrika Mashariki kwa pamoja ni soko. Na soko lina sauti. Zidai kwamba anayetaka kutuuzia magari mapya na vipuri atoe michoro, programu na mafunzo kwa vyuo vya VETA na kwa gereji za mitaani. Huko ndiko kujitegemea kwa wakati huu.

Wakati tukingoja, mnunuzi asiwe kipofu wa hiari. Anayeng'ang'ania gari la namna hii na alikague asubuhi kabla halijawashwa, aone kama limelala. Awaulize mafundi wawili watatu namba ya injini yake ina sifa gani. Adai ushahidi kwamba oili ya giaboksi imewahi kubadilishwa, na akijibiwa kwamba ni ya maisha, aage na kwenda zake. Mwisho, aweke kando akiba ya matengenezo kabla ya kulipia gari; na kama baada ya kulipia gari hana akiba, basi gari hilo si lake bado, ni la fundi na muuza vipuri.

Gari ni chombo cha kazi. Thamani yake ni watu na mizigo linayoifikisha, wala si nembo iliyo mbele yake. Kiwanda kilichotia maji tembo kilaumiwe kwa sauti kubwa, mpaka kisikie. Fundi aelimishwe na aheshimiwe. Nasi wanunuzi tuache kuinunua heshima iliyokwisha kutumika, kwa maana heshima ya mtumba ina kawaida ya kumwacha mwenyewe juu ya mawe.